Kariakoo sio ya kwenda kununua tu jamani

Mgeni akija Dar akauliza aende kutembea wapi majibu ni yaleyale miaka yote, nenda Coco Beach, nenda Kijiji cha Makumbusho, pita Posta uone sanamu ya askari, ukiwa na hela panda boti uende Mbudya. Kariakoo tunampeleka siku ya mwisho kabisa akanunue begi na vitenge vya kurudi navyo, tena tunamwambia shika simu yako vizuri na tusikae sana. Mi naona hapo tunajidharau wenyewe. Kama mtu ana siku moja tu Dar es Salaam na anataka kuelewa huu mji umetoka wapi, mpeleke Kariakoo asubuhi na mwache atembee kwa miguu, hiyo bahari itamsubiri haiendi popote.

Shida ya Kariakoo sio kwamba haina vitu vya kuona. Vipo na vimejaa, ila tunavitumia kuelekezana njia tu. Shuka Faya, kata kushoto pale DDC, ukifika Msimbazi polisi nipigie, niko karibu na Big Bon. Watu wanataja hayo majina kutwa nzima na hakuna anayesimama kuangalia, maana ukisimama Kariakoo kuangalia kitu kuna mkokoteni nyuma yako na mwenye mkokoteni hana muda na wewe.

Nianze na soko lenyewe maana ndo kubwa kuliko yote. Hebu siku moja simama mbele ya lile jengo la soko kuu uangalie juu, achana na bei ya nyanya kidogo. Unaona zile nguzo zinapanda halafu juu zinafunguka kama miamvuli ya zege, miamvuli mingi imeungana ikawa paa moja? Ile kazi ni ya Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza weusi Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 70 na soko likafunguliwa 1975 enzi za Mwalimu. Na ile miamvuli haikuwekwa kwa urembo tu. Hewa inapita bila feni wala AC, joto linatoka juu, na maji ya mvua yanakusanywa paani yanashuka hadi kwenye tangi lililoko chini ya ardhi. Chini kuna shimoni, ghorofa ya chini ya ardhi magari yanashusha mazao ya jumla huko, halafu juu ndo rejareja. Yaani mtu alikaa akafikiria mama lishe anatoka wapi, gunia la viazi linaingilia wapi, jua la saa saba linapiga wapi, ndo akachora. Linganisha na maghorofa ya vioo yanayojengwa saivi Dar, umeme ukikatika tu humo ndani ni tanuri.

Kwangu mimi lile ndo jengo zuri kuliko yote Dar, na najua kuna watu wataniletea makanisa ya Wajerumani kule baharini. Mazuri ndio, sikatai. Lakini yale yalichorwa na wageni wakikumbuka kwao, hili lilichorwa na mtu wa hapahapa kwa ajili ya watu wanaouza mchicha.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua. Wanaoikumbuka ile Jumamosi wanajua, moto ulianza usiku na kufika asubuhi watu wamepoteza mitaji yao yote. Serikali ikaamua kulikarabati lile jengo la zamani na pembeni kujenga lingine jipya la ghorofa, kazi ikaanza 2022. Mi wakati ule kwa kweli hofu yangu ilikuwa wataangusha lote waweke boksi moja refu la kisasa, maana ndo tulivyozoea, kitu kikiungua kinakuwa kisingizio. Kwamba ile miamvuli waliamua kuibakiza mi nawapa tano, ni mara chache sana mji huu umeamua kubakiza kitu.

Sasa hii Kariakoo kabla ya soko ilikuwa nini. Waingereza walipoichukua Dar kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katikati ya vita kuu ya kwanza, huku ndo waliweka kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, na jina mpaka leo ni hilohilo la kambi. Hao wapagazi walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi walikamatwa tu vijijini wakaambiwa beba, wakabebeshwa risasi na chakula na majeruhi porini huko hadi kusini, na waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Nairobi nako ipo Kariokor, asili yake ni hiyohiyo.

Hapa ndo penye hoja yangu. Ile sanamu ya askari pale Posta, iliyowekwa 1927, maandishi yake yanawataja na wapagazi pia, ukiinama ukasoma utaona. Lakini aliyesimamishwa juu ni askari peke yake na bunduki yake. Wenzetu Nairobi kwenye sanamu yao ya enzi hizohizo wamemsimamisha na mpagazi, yupo pale anaonekana. Sisi tuna mtaa mzima umeitwa kwa jina la kikosi chao, mtaa maarufu kuliko yote nchini, na ndani yake huwezi kuoneshwa hata jiwe lililoandikwa kwamba hapa palikuwa na kambi ya hao watu. Halafu angalia kazi yenyewe inavyoendelea, makuli wa Kariakoo hawajapumzika tangu enzi hizo, belo la mitumba mgongoni, jasho linatiririka, anapiga kelele mzigo huo mzigo huo na wewe na boksi lako la viatu unajibana ukutani apite. Kuna maguta, kuna toyo, lakini vichochoro vya Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi hakuna kinachopita humo zaidi ya mgongo wa mtu. Wekeni sanamu ya mpagazi pale Msimbazi na Uhuru, tena mpagazi mwenyewe awe amebeba mzigo kabisa, watu watapiga nayo picha kuliko hiyo ya Posta.

Ukitoka sokoni kwa miguu shika barabara ya Uhuru kama unarudi mjini utakutana na Mnazi Mmoja. Watu wanaona uwanja na bustani yenye mnara wa Mwenge wa Uhuru, wanakaa kivulini wanakula mihogo, basi. Lakini jiulize kwa nini katikati ya mji ambao kila futi ina fremu ya duka kukawa na uwazi mkubwa namna ile. Mkoloni aliuacha kusudi. Upande wa bahari Uzunguni na Uhindini, upande huu Uswahilini, na hapo katikati pabaki wazi watu wasichanganyikane. Kwahiyo ile bustani tunayopumzikia ilikuwa ukuta usio na matofali. Na uzuri ni kwamba baada ya uhuru hapohapo ndo pakawekwa mwenge, na kwa miaka mingi Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai imeadhimishwa hapohapo, na barabara inayopita upande wa pili ikapewa jina la Bibi Titi Mohamed. Hiyo stori ingeandikwa kwenye kibao kimoja tu kidogo pale getini watoto wa shule wangeisoma wakiwa wanasubiri gari.

Vukeni sasa Mtaa wa Lumumba. Hapo ziko ofisi ndogo za CCM, na ndipo ilipokuwa ofisi ya TAA, chama kilichoitangulia TANU, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ndo sabasaba yenyewe hiyo. Hili angalau linajulikana. Kisichojulikana sana kwa vijana ni kwamba mambo mengi ya siasa ya wakati ule hayakufanyika ofisini, yalifanyika majumbani, barazani, kwenye hizi nyumba za Kariakoo. Akina Sykes, Dossa Aziz, waanzilishi wa TANU hao, walikuwa watu wa mitaa hii. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alifikia nyumbani kwa Abdulwahid Sykes humuhumu Kariakoo. Nyumba yake ya baadae ile ya Magomeni imehifadhiwa na unaweza kwenda kuiona, vizuri sana, lakini Kariakoo alikoanzia unaoneshwa duka la spea.

Na nyumba zenyewe zinaisha. Nyumba ya Kiswahili kila mtu anaijua, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, ua nyuma na jiko na choo na banda la uani la wapangaji. Kariakoo nzima ilikuwa hivyo. Saivi unatembea Narung'ombe, unatembea Sikukuu, Swahili, Mchikichi, ni ghorofa juu ya ghorofa, na ukiiona nyumba moja ya bati imebaki katikati ujue ni familia haijaelewana mirathi. Siwalaumu wenye nyumba hata kidogo. Kiwanja cha Kariakoo kina thamani ambayo mzee aliyekijenga kwa udongo na miti asingeamini, na mtu akija na hela ya kuangusha akujengee ghorofa mgawane fremu, nani atakataa kwa sababu ya historia? Historia hailipi ada. Ila mbio hizi zina gharama yake, Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilianguka asubuhi watu wako dukani na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kwahiyo mtu akiniambia nyumba za zamani ni hatari ziondoke namuuliza na hizi mpya je.

Mimi ningeomba zibaki hata tatu tu. Tatu! Jiji lizinunue kwa bei ya soko bila kuonea mtu, moja iwe ya kumbukumbu, mbili wakae watu wauze kahawa na kashata barazani kama zamani. Wageni watalipa kuingia na sisi wenyewe tutalipa.

Misikiti naipita haraka ila msiiache, wa Mtoro na wa Manyema, huo wa Manyema hasa unabeba jina la watu waliotoka mashariki ya Kongo enzi za misafara wakaja kukaa pwani. Majina ya mitaa nayo yana mambo, Kongo, Nyamwezi, Pemba, Somali, Likoma, ukitembea nusu saa umeshazunguka nusu ya Afrika Mashariki na Kati bila pasipoti. Ukumbi wa DDC nao, kama bado unapenda muziki wa dansi ule wenye tarumbeta, bendi ya Sikinde wamepiga pale sana. Vijana wa amapiano mtanisamehe.

Namna ya kwenda ni rahisi tangu mwendokasi ianze 2016, unapanda gari la Gerezani unashuka Msimbazi, unaanza kutembea. Nenda asubuhi mapema, saa moja hadi saa tatu, Jumapili ndo nzuri zaidi ukitaka kuona majengo badala ya migongo ya watu. Kama unataka vurugu yenyewe nenda Desemba wiki ya kabla ya Krismasi au siku za mwisho za Ramadhani, utakoma. Tangu 2025 wamezindua na biashara ya saa 24 kwahiyo hata usiku unaweza kwenda, mi usiku napenda ile mishkaki na supu ya pweza za pembeni ya barabara zaidi ya hayo maduka. Simu weka mfuko wa mbele, hilo sibishi.

Halafu kuna hawa wawili, Simba na Yanga. Dunia nzima inaimba Kariakoo dabi, timu zinachezea Uwanja wa Mkapa kule Temeke, lakini asili na makao ni huku. Yanga ya 1935 na jengo lao Twiga na Jangwani, pembeni uwanja wa Kaunda ambao mvua kubwa zikinyesha unakuwa bwawa. Simba ya 1936 pale Msimbazi, iliitwa Sunderland hadi 1971, na kuna kiroja hapa, ule uwanja wa vijana wa JMK, yaani Jakaya Mrisho Kikwete, pale Kidongo Chekundu uliofunguliwa 2015 klabu ya Sunderland ya Uingereza ilikuwa na mkono wake, sijui Yanga walijisikiaje. Kutoka klabu moja hadi nyingine unatembea kwa miguu hujachoka. Simba ilifika fainali ya kombe la CAF 1993, Yanga fainali ya Shirikisho 2023, na miaka yote hiyo kuna jezi, picha, makombe, mabarua ya zamani ya wazee. Vyote hivyo vingekaa chumba kimoja cha chini kama makumbusho ya klabu, kiingilio elfu mbili, siku za dabi watu wa Mwanza na Mbeya na Kigoma wanaokuja na mabasi wangejaa kuanzia asubuhi, na wakitoka hapo wananunua jezi nyingine. Hii wala haihitaji serikali wala wafadhili. Anayebisha kwamba haitalipa aniambie kwa nini watu wanapiga picha na geti tu. Aanze mmoja wao yeyote, maana mwenzake hatakubali kupitwa atafungua makumbusho yake wiki hiyohiyo, tena atasema wazo lilikuwa lake.