Kasoro ndogo ya curl na faili lililofutwa kwa hofu

Aprili 2023 Daniel Stenberg, Mswidi anayeongoza mradi wa curl, programu ya kupakua na kutuma data mtandaoni, alijikuta akiwasihi watu wasifute faili la curl.exe lililomo kwenye folda ya System32 ya Windows. Skana za usalama zilikuwa zimelipaka rangi ya hatari, baadhi ya watu wakalifuta kwa mkono, kisha masasisho ya Windows yakagoma kuingia. Kilichowatisha ni CVE-2022-43552 (CVE ni namba ya kasoro katika orodha ya umma ya kasoro za usalama), kasoro ambayo watengenezaji wa curl waliipa daraja la chini kabisa kati ya madaraja yao manne.

Kasoro yenyewe ni hii. Unapoiagiza curl ipitie proksi ya HTTP, yaani seva ya kati, kufikia kitu kwa TELNET (itifaki ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) au SMB (itifaki ya kushirikiana mafaili), na proksi ikakataa, curl ilikuwa inaachilia kipande cha kumbukumbu halafu inakigusa tena wakati wa kufunga muunganisho. Ni kama mpangaji aliyekabidhi funguo jana, leo anarudi uani kuchukua ndoo yake. Siku nyingine hakuna anayestuka. Siku nyingine programu inaanguka. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu toleo la 7.16.0 la mwaka 2006, ikaondolewa katika 7.87.0, Desemba 2022.

TELNET! Itifaki inayopeleka nywila wazi wazi, tena kwa curl, tena kupitia proksi ya HTTP. Na SMB inayofahamiwa na curl ni toleo la kwanza tu, lile ambalo Microsoft yenyewe iliacha kulisakinisha kama kawaida tangu mwishoni mwa 2017. Nimejaribu kumfikiria mtu anayetimiza masharti yote hayo kwa pamoja, na proksi imkatalie. Huenda yupo mahali, ila sidhani kama anaishi kwenye kompyuta ya mhasibu.

Hifadhidata ya udhaifu ya Marekani, NVD, haikujiuliza yupo wapi. Iliipa kasoro hiyo 5.9 kati ya 10, yaani wastani. Fomula ya alama iliona kwamba kasoro inafikiwa kupitia mtandao, kwamba ni ngumu kuitumia, kwamba hakuna siri inayovuja wala data inayobadilishwa, lakini programu inaweza kuanguka, basi ikaweka alama ya juu kwenye kipengele hicho. Kwa curl.exe, kuanguka huko kunatokea pale inapokuwa tayari imekataliwa na inafunga virago. Namba ikishatoka, haiulizwi tena. Kiwango cha PCI cha malipo ya kadi, kwa mfano, kwa kawaida huhesabu 4.0 kwenda juu kuwa umefeli skani ya nje.

Mkaguzi naye ana hoja, na si ya kubezwa. Mwenye mashine elfu nne hawezi kusoma msimbo wa kila maktaba ya programu. Libcurl, yaani curl kwa umbo la maktaba, imo ndani ya programu za watu wengine, na ikianguka huko inaondoka na programu nzima. Kugusa kumbukumbu iliyoachiliwa ni familia ya makosa ambayo wajanja wameigeuza kuwa mlango mara nyingi, na Stenberg mwenyewe amewahi kuandika kwamba karibu nusu ya udhaifu wa curl unatokana na makosa ya C, lugha ya programu iliyoandikia curl. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Isitoshe, Microsoft ilichukua hadi Aprili 2023 kuingiza toleo jipya, karibu miezi minne ambayo mtumiaji wa Windows hakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Lakini watu walewale walioandika "chini" ndio walioandika "juu" Oktoba 2023, kwa CVE-2023-38545, kasoro ya aina nyingine ya proksi, SOCKS5. Safari hiyo Stenberg alitangaza siku kadhaa kabla kwamba toleo la 8.4.0 linakuja na watu wajiandae. Neno lake la "juu" lilisikika kwa sababu halitoki kila wiki. Ukikataa kumsikia anaposema "chini", sijui utamsikiaje siku hiyo nyingine.

Nimewahi kukabidhiwa Excel ya ukaguzi yenye mistari mia mbili na ushee. Kulikuwa na safu ya namba, safu ya rangi na safu ya tarehe ya mwisho. Safu ya kuuliza kama sehemu yenye kasoro tunaitumia haikuwepo. Niliiongeza mwenyewe, na kwenye mstari wa curl nikaandika: hatuna TELNET, tunasubiri sasisho, faili lisiguswe.