Herufi a zimekwisha sandukuni

Mama mkwe wangu ndiye aliyeanza. Alikuja Morogoro kututembelea, akamkuta mjukuu wake ameinamia beseni anasugua kitambaa, mikono yote povu, akauliza kafundishwa wapi. Nikamjibu shuleni. Akatulia kidogo. "Kwa hiyo mwanangu, mnalipa ada mtoto akafundishwe kufua?"

Nilicheka tu, maana jibu sikuwa nalo.

Zawadi alikuwa na miaka mitatu na nusu tulipompeleka chekechea ya masista yenye darasa la Montessori, yaani la mtoto kujifunza kwa kuchagua kazi na kuifanya kwa mikono yake. Sitadanganya kwamba nilichunguza kwanza. Ilikuwa njiani kwenda kazini kwangu, basi. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa napekua begi lake kutafuta daftari. Mtoto wa jirani, rika lake, alikuwa anarudi kila siku na kurasa mbili za a a a a na vema za wino mwekundu. Wangu alirudi na taarifa. "Leo nimemimina." Umemimina nini? "Maharage." Na jana? "Jana pia maharage."

Nikaenda kumwona Sista. Hakunieleza kitu. Alinipa kigoda, akaniambia nikae pembeni asubuhi nzima na nisimsemeshe mtoto yeyote mpaka anisemeshe yeye.

Nilitarajia kelele. Watoto karibu 30, wa miaka mitatu mpaka sita wakiwa chumba kimoja, nilijua patakuwa kama stendi. Wakaingia, wakavua viatu, wakaamkia, na kila mmoja akaenda kwenye rafu kuchukua kazi yake. Wanaita hivyo, kazi. Mwenye kazi ya chini anatandika mkeka wake mdogo, na mkeka ukishatandikwa ni kama kiwanja chenye hati. Wenzake wanazunguka pembeni, hakuna anayeukanyaga. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano hakuna kengele iliyolia. Nilimwona mvulana mmoja akihamisha maharage kutoka jagi moja kwenda jingine, akarudia, akarudia tena. Nilihesabu mara kumi na nne nikaacha. Kila punje iliyodondoka aliinama akaiokota kwa vidole viwili, akaendelea. Majagi yalikuwa ya udongo, si plastiki, na saa nne hivi moja likavunjika. Nikajikunja nikingoja mtu afokewe. Binti wa miaka mitano akaleta ufagio na kizoleo, Sista akaokota vigae vikubwa, mambo yakaisha hapo.

Baadaye, watoto wakinywa uji, Sista ndipo akanionyesha nilichokitazama bila kukiona. Jagi lenye maharage huanzia kushoto na hulimiminia jagi la kulia, kwa sababu ndiko jicho litakakoelekea siku ya kusoma. Meza inasuguliwa kwa miduara, kushoto kwenda kulia, ili kifundo cha mkono kilegee kabla ya kushika kalamu. Zile silinda za mbao zinazochomekwa kwenye matundu yake, vitalu vinne vyenye silinda kumi kila kimoja, zina kishikio kidogo juu, na mtoto hawezi kukishika ila kwa vidole vitatu vilevile vya kushikia penseli. Kitambaa nacho, cha beseni la mama mkwe, kinakamuliwa. Jaribu kukamua kitambaa uone ni misuli gani inayofanya kazi.

Kwa hiyo mama, ndiyo. Tunalipa akafue.

Nikisema Montessori watu wengi wanaona geti la umeme na ada ya kutisha, nami siwalaumu, maana ndivyo jina linavyouzwa mjini. Halina mwenyewe, yeyote mwenye rangi na brashi anaweza kuliandika ukutani. Niliwahi kutembelea shule moja iliyoliandika kubwa kabisa, nikakuta vifaa vizuri vya mbao vimefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mkuu wa shule, "visipotee", huku watoto wa miaka minne wamekaa kwenye madawati wananakili ubaoni. Lakini mwanzo wake haukuwa wa kitajiri hata kidogo. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alifungua darasa lake la kwanza tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa wafanyakazi maskini waliokuwa wanabaki peke yao wazazi wakienda vibaruani, na walikuwa wanaharibu kuta na ngazi za majengo yaliyotoka kukarabatiwa. Lilikuwa darasa la uswahilini, kwa maneno yetu.

Kuhusu gharama, hapa lazima niseme ukweli wa pande zote mbili, kwa sababu nimesikia watu wakisema kila kifaa kinaweza kuchongwa mtaani. Vingi vinaweza. Majagi, vijiko, maharage, beseni, fremu ya kufungia vifungo, vyote viko sokoni. Ule mnara wa pinki, michemraba kumi kuanzia sentimita 1 mpaka sentimita 10, fundi wetu wa hapa jirani aliupatia vizuri sana. Tukamwagiza na kitalu cha silinda, cha mninga, kizuri mpaka nikatamani kukiweka sebuleni. Siku ya kwanza tu mtoto akakimaliza huku silinda mbili zimebadilishana matundu, zote zimeingia, hakuna iliyobaki mkononi. Akakitazama, akakirudisha rafuni, hakukigusa tena. Kazi nzima ya kile kifaa ni kumwambia mtoto "hapo umekosea" bila mtu mzima kufungua mdomo, na chetu, kwa kulegea kwa milimita moja au mbili, kikawa kinasema uongo. Kifaa kinachohitaji usahihi, kinunue au usiwe nacho.

Hayo yote, hata hivyo, ni utangulizi wa ninachotaka kusema, nacho ni kuhusu herufi.

Kuna vibao vyenye herufi zilizokatwa kwa msasa na kubandikwa. (Msasa, kwa wasiojua, ni mti kabla ya kuwa karatasi, majani yake yanakwaruza, na mafundi wa zamani walisugulia mbao.) Mtoto anaipitia herufi kwa vidole viwili, kwa mwelekeo uleule itakavyoandikwa, huku anatamka sauti yake. Sauti, si jina. Sista aliweka vibao viwili mbele ya Zawadi. "Hii ni mmm. Hii ni aaa." Kisha, "Nipe mmm." Kisha, akiwa amevichanganya, "Hii ni nini?" Hatua tatu, ambazo Montessori alizirithi kwa daktari Mfaransa Édouard Séguin. Zilichukua kama dakika tatu, Zawadi akaenda zake kumimina maharage.

Halafu kuna sanduku la herufi za kupanga, za kukatwa moja moja, ambazo mtoto anaundia maneno mkekani kabla mkono wake haujaweza kuandika. Katika darasa lile irabu ni za buluu na konsonanti ni nyekundu. Sasa panga neno meza. Nyekundu, buluu, nyekundu, buluu. Panga kuku, paka, dirisha. Mtoto anaanza kuona kwa macho jambo ambalo mimi nilifika chuo kikuu ndipo nikaambiwa: neno la Kiswahili linapenda kuishia kwenye irabu. Zawadi aliligundua akiwa na miaka minne na nusu, akaja kuniambia kwamba maneno "yanalala kwenye buluu". Mbwa tu ndiye aliyemkera, kwa kuleta nyekundu tatu kwa mpigo.

Montessori mwenyewe alisimulia siku moja ya Desemba, wako juu ya paa na watoto, akamwomba mvulana wa miaka mitano amchoree dohani kwa chaki. Mtoto akachora sakafuni, kisha ghafla akapiga kelele kwamba anajua kuandika, akaandika mano, halafu camino, halafu tetto: mkono, dohani, paa. Tazama hayo maneno. Huhitaji kujua Kiitalia kuyasoma. Yasome kama Kiswahili, hutakuwa mbali. Herufi zake za irabu ni zetu, a e i o u, na herufi nyingi zinasema kitu kilekile kila zinapotokea. Njia ile ilichipukia kwenye lugha inayofanana na yetu kwa jambo hili moja muhimu. Ilipovushwa kwenda kwa Waingereza ilibidi iongezewe magongo: visanduku vya pinki kwa maneno mepesi, vya buluu kwa yanayofuata, vya kijani kwa yale yenye vituko, kwa sababu mtoto anayejua sauti zote bado atakwama kwenye knife. Mtoto wa Kiswahili akishajua sauti zote amemaliza. Anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia maishani.

Na sisi tunafanyaje? Tunaagiza vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, tunamfundisha mtoto "ei, bii, sii", halafu tunashangaa mbona baba haisomeki. Bii-ei-bii-ei. Heri ile kwaya ya ba be bi bo bu tuliyoimba sisi na mwalimu akishika rula. Ilituchosha, lakini angalau haikutudanganya.

Ukitaka kujua kifaa kimetengenezewa nani, chungulia sanduku la herufi mwezi wa tatu wa muhula. Q na x zinang'aa kama zilivyotoka kiwandani. C zinangoja h zije kuziokoa. Herufi a zimekwisha siku nyingi, maana anapanda peke yake linakula nne. Vibao vya herufi mbilimbili vilikuja na sh, ch na th, na vingine ambavyo hatuna kazi navyo, lakini ny, dh, gh na ng' hakuna. Sista alivitengeneza mwenyewe, kwa msasa wa duka la vifaa vya ujenzi na gundi ya mbao. Ng' ilimsumbua kwa sababu ya ile alama ya juu, mpaka akaikata kama punje ya mchele.

Hesabu nazo zinasema hivyohivyo, ingawa si moja kwa moja. Kuna shanga za rangi ya dhahabu: moja pekee, mstari wa kumi, mraba wa mia, mchemraba wa elfu, ambao mtoto anaubeba kwa mikono miwili na kujua mwilini kwamba elfu ni nzito. Mtoto wa Kiingereza anafika kwenye eleven anakuta ukuta. Wetu anaweka mstari wa kumi na shanga moja, anasema anachokiona: kumi na moja. Ukuta wetu uko mbele kidogo, kwenye ishirini, neno tulilolichukua kwa Waarabu pamoja na thelathini na ndugu zake. Zawadi alisema "kumi mbili" kwa wiki nzima. Sikuona sababu ya kumharakisha.

Mwaka jana kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akasema Kiswahili wanacho nyumbani, shuleni wanataka Kiingereza, na kwamba watoto wataenda kwenye usaili wa darasa la kwanza wataulizwa herufi kwa Kiingereza. Watu wakapiga makofi. Namwelewa kabisa; usaili huo upo, nami naona ni aibu kumketisha mtoto wa miaka mitano mbele ya meza na kumuuliza herufi, lakini upo. Nilisimama nikiwa natetemeka kidogo. Nikasema Kiingereza kiingie kwa sikio na mdomo, kwa nyimbo, hadithi na maongezi, hata kila siku, kwa sababu mtoto wa umri huo anaokota lugha kama anavyookota maharage. Kusoma kuanzie kwenye Kiswahili, kwa sababu mtu hujifunza kusoma mara moja tu. Ukishajua kwamba alama ni sauti, umejua kwa lugha zote. Mama mmoja akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikasema hapana, mimi ni mhasibu. Kikao kikaisha kwa namna vikao vyetu vinavyoisha: herufi za asubuhi zibaki Kiswahili, baada ya uji nyimbo za Kiingereza, suala lijadiliwe tena muhula ujao. Litajadiliwa, na nimeshaambiwa yule baba anakusanya saini.

Kwa sasa Sista ametuomba wazazi tusaidie kuongeza herufi. Nilipewa a. Nikakata 60 kutoka kwenye boksi la kadibodi, nikazipaka buluu, Zawadi akazipeleka kwenye mfuko wa rambo akiwa amezihesabu mwenyewe kwa makumi. Jumamosi nilimwachia chache nyumbani pamoja na konsonanti nilizomkatia kwa haraka, nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa amepanga sakafuni mstari mrefu uliopinda kufuata mguu wa kochi: mama anapika maharage. A nane. Ilhali jikoni alikuwa baba yake. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika ukweli, akasema b amepata moja tu.