Nauli ya kumwahi marehemu

Jumapili tulisoma hitma ya arubaini ya mjomba wangu, hapa hapa Tanga, nyumbani kwa mama, Ngamiani. Watu walipokwisha kula, wakubwa wakaanza kusimulia siku ya msiba, na jamaa mmoja wa upande wa baba akadakia: "Ah, nyinyi mlipanda ndege bwana. Wenye nazo." Kisha akaendelea na kahawa yake. Sikumjibu, maana nyumba ilikuwa na wageni na mama alikuwa karibu. Namjibu hapa.

Mjomba alifia Vitongoji, karibu na Chake Chake, Pemba. Simu ilikuja mara tu baada ya sala ya alfajiri. Binamu yangu hakuwa na maneno mengi: maziko ni leo, na wakichelewesha sana, kwa ajili ya mama, basi ni baada ya alasiri. Katika watoto wa tumbo lao walikuwa wamebaki wawili tu, mama na marehemu. Mama alikaa kitandani, tasbihi mkononi, akaniuliza, "Tutamkuta?"

Sasa wewe unayesema ndege ni ya wenye nazo, hebu kaa pale kitandani na mama yangu umpangie safari. Basi la saa kumi na mbili kutoka Kange, Segera, Chalinze, hadi Dar es Salaam: kilomita kama 350, ukifika mchana umeshukuru. Boti ya jioni kwenda Unguja. Unalala Unguja. Kesho yake meli ya Mkoani, bandari ya Pemba, kisha gari mpaka Chake. Yaani unazunguka siku mbili kwenda kisiwa ambacho kutoka pwani yetu hakizidi sana kilomita 50. Meli ya kutoka Tanga moja kwa moja ipo, lakini haitoki kila siku, na kifo hakisubiri ratiba yake. Inabaki mashua. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na ukichafuka hauna huruma. Januari 2017 boti iliyotoka Tanga kwenda Pemba ilizama na watu 12 wakafa. Mwaka 2011 Spice Islander ilizama ikitokea Unguja kwenda huko huko Pemba, na hadi leo kuna nyumba za Wete na Micheweni ambamo jina la meli hiyo halitajwi mbele ya kina mama. Siwezi kumpakia mwanamke wa miaka sabini na tatu kwenye mashua ili asije mtu akaniona najidai.

Kwa hiyo, ndiyo, tulipanda ndege. Nauli ya watu wawili niliilipa kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya mwanangu ya muhula. Bei niliyoiona kwenye tovuti iliandikwa kwa dola. Mwaka 2025 serikali ilitunga kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, na nilipokuwa napiga hesabu ya dola alfajiri ile, na mama anajifunga baibui chumba cha pili, nilielewa kanuni ile ilikuwa ya nani.

Uwanja wetu wa Tanga hauna shida nyingi, na hilo ni jambo jema. Kutoka mjini ni dakika chache kwa bajaji. Hakuna foleni, hakuna kutembezwa huku na huko, unakaa na watu wako mpaka muitwe. Ndege zinazokuja kwetu ni hizi ndogo za injini moja, za abiria kumi na wawili hivi, kwa hiyo kila kitu kinapimwa, mizigo kilo 15 kwa mtu, na mtu mwenyewe pia. Kijana wa mapokezi alimwambia mama, "Shikamoo mama, naomba upande hapa." Mama akautazama mzani, akanitazama mimi. Hakuelewa kwa nini siku aliyofiwa apimwe kama gunia. Yule kijana hakumharakisha. Alimshika mkono, akamweleza taratibu kwamba ndege ni ndogo na rubani lazima ajue uzito wa kila mtu ili apange wa kukaa mbele na wa nyuma. Mama akapanda. Namwombea kijana yule kila la heri, kwa sababu siku ile nilikuwa tayari kugombana na yeyote.

Dakika ishirini na tano. Huo ndio muda wote wa safari yenyewe. Chini ukaona miamba ya Tanga, kisha maji yakageuka buluu nzito, kisha minazi. Mama hakutazama dirishani hata mara moja, alikuwa anasoma Yasini. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaingia chumbani kwa kaka yake. Alimfunua uso, akamtazama, akasema naye maneno ambayo si yenu wala si yangu. Jeneza lilitoka baada ya alasiri.

Ninachokidai ni hiki: safari ya Tanga na Pemba kwa ndege ni usafiri wa wananchi, na ipangwe hivyo. Leo inapangwa kama mkia wa safari za watalii. Saa za kuondoka zinafuata wageni wanaotoka hoteli kwenda hoteli, na wageni wakipungua, ndege ya kwetu inasogezwa au inafutwa, na taarifa unaipata ukiwa umeshafunga begi. Wakati huo huo watu wanaovuka mkondo huu kwa haja ni sisi. Nusu ya Ngamiani ina shangazi Pemba. Watu wa Pemba wana watoto wanaosoma Tanga na wagonjwa waliolazwa Bombo. Tunaoana, tunadaiana, tunazikana. Kwenye boti za Unguja mkazi ana nauli yake kwa shilingi na mgeni ana yake, na hakuna aliyewahi kuona hilo ni ajabu. Basi na kwenye ndege pawe na nauli ya mkazi. Na viti viwili, viwili tu katika kila ndege, vibaki wazi mpaka asubuhi ya safari kwa mwenye msiba au mgonjwa.

Najua nitaambiwa mafuta ya ndege ni ghali na kampuni si sadaka. Ni kweli. Viti kumi na mbili havilipi haraka, na huenda serikali itabidi ichangie kitu. Ichangie.

Halafu kila panapozungumzwa kuukuza uwanja wa Tanga, nasikia habari za bomba la mafuta, kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Chongoleani, na wawekezaji watakaokuja. Karibu zao. Lakini mji huu ulikuwa na watu wenye haja ya kuruka kabla ya bomba, na sijasikia hata mara moja kwenye mkutano mtu akitaja maiti, au mama mjamzito, au mtoto anayewahi mtihani.

Tulipomaliza matanga nikaenda kuuliza viti vya kurudi. Vimejaa, nikaambiwa, mpaka wiki ijayo. Mama alitaka kwake. Tukarudi kwa ule mzunguko: Mkoani, meli, Unguja tukalala, boti, Dar, basi. Baharini mama alitapika tangu tulipotoka Mkoani. Siku ya pili usiku basi likasimama Chalinze, watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Mama akaamka, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio.

"Hapa wapi?"

"Chalinze, mama."

Akanyamaza kidogo. "Pemba iko pale ng'ambo ya Raskazone," akasema. "Chalinze tumefuata nini?"