Msiwapitishe Fort Jesus mbiombio

Msimu wa michezo ya shule ukifika, mabasi hujaa nje ya Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa. Wachezaji wanashuka, wanapiga picha kwenye mizinga, wanazungushwa ngome nzima kwa dakika 40, kisha filimbi. Na ripoti inaandikwa kwamba wamepata elimu ya makumbusho. Hili linaniudhi, kwa sababu wanaopunjwa pale ndio wenye haja nayo zaidi.

Kijana aliyeitwa winga tangu darasa la sita, mwulize yeye ni nani, atakutajia namba ya jezi. Siku goti likiteguka, timu inakwenda na jina linakwenda. Mwaka 1993 watafiti Brewer, Van Raalte na Linder walitunga hojaji ya kupima mtu amejifunga kwa mchezo wake kiasi gani. Vijana wetu hawahitaji kujaza fomu nyingine. Waketisheni mbele ya kitu kimoja.

Nachagua michoro ya ukutani ya askari wa Kireno. Watu walio mbali na kwao, zamu ndefu, wakachukua makaa na udongo mwekundu wakachora merikebu na watu. Wanafunzi wasizidi 12, wakae chini dakika 20. Maswali ni yale matatu ya Housen na Yenawine, waliobuni njia ya kutazama sanaa kwa kuulizana: Hapa kunatendeka nini? Umeona nini hata ukasema hivyo? Tunaona nini zaidi? Mwongozaji arudie kila jibu kwa maneno yake, aonyeshe linapotajwa bila kugusa ukuta, wala asisahihishe. Habari za 1593, mwaka ngome ilipoanza kujengwa, zitakuja baadaye. Nahodha akijibu kwanza, wote humfuata, basi aanze mchezaji wa akiba. Kocha naye asisimame karibu, maana watajibu la kumridhisha yeye.

Umbo la ngome, lile linalofananishwa na mtu aliyelala chali, liacheni. Huonekana kwenye ramani, si kwa aliyesimama ndani.

Kisha kila mmoja achore kanga yake: karatasi ya A3, penseli, rangi mbili. Pindo ni waliomzunguka, mji, yaani katikati, ni yeye mwenyewe, jina, yaani msemo wa kanga, huja mwisho kwa herufi kubwa. Sharti ni moja: kwenye mji pasiwe na mpira, kiatu wala namba. Dakika kumi za mwanzo wengi huganda. Waacheni wagande. Mwongozaji mwenye pupa hutoa mifano hapo hapo, na kanga zote hutoka sare. Anayemaliza mapema arudi kwenye pindo. Wengi huchora upande mmoja tu, na kanga ina pande nne.

Ratiba imebana, nakubali. Lakini dakika 90 za asubuhi, kabla mawe hayajashika moto, zinapatikana. Isiwe siku ya mechi tu: mwenye mechi saa nane mchana, akili yake iko uwanjani Mbaraki tayari.

Karatasi zisibandikwe ofisini kwa mwalimu wa michezo, wala zisirushwe kwenye WhatsApp ya wazazi. Mwenyewe aondoke na yake. Na kocha apewe A3 yake, achore akiwa chumba kingine, kwa sharti lile lile.