Mbuyi ana kadi, Kabanga hana

Jamani, Mungu alinipa mapasa, watoto pacha, kampuni ikasema imepokea mmoja.

Zamani kazini kwetu, huku Kampemba, Lubumbashi, mambo yalikuwa mepesi. Mtoto akishikwa na homa, unamwona katibu, anakuandikia boni ya matunzo, anagonga mhuri, unakimbia dispensari. Uwe na watoto wawili, uwe na tisa, mhuri haukujua kuhesabu. Marehemu baba alikuwa wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na sisi tulikuwa kumi. Tulitibiwa wote, na jirani mmoja juu yake.

Halafu patroni akaingia mkataba na watu wa bima. Mkuu wa wafanyakazi akatugawia kadi za plastiki, anacheka kama Père Noël. Kadi inabeba mfanyakazi, bibi yake na watoto wanne. Mimi nina watano, na mapasa ndio wa mwisho. Mbuyi alitangulia kutoka, akachukua nafasi ya nne. Kabanga alichelewa robo saa tumboni, bima ikampita.

Nikaenda ofisini. Huyu wa tano tumuweke wapi? "Baba, kompyuta inakataa." Sasa utagombana na kompyuta?

Delege wetu wa sendika, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, anatembea na Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 kwenye mfuko wa koti, imechakaa mpaka kurasa zinadondoka. Akanisomea. Mfanyakazi au mtu wa familia yake akiugua, mwajiri ndiye anatoa matunzo: dawa, upasuaji, meno, kulazwa, hata kama mkataba umesimama kwa muda. Hata miwani, daktari akiiandika. Miwani! Na mimi pale depo nasoma namba za vipuri kwa kukisia! Kubadilisha njia, delege akasema, patroni anaweza: ajenge dispensari yake, apatane na kliniki, alipe bima. Kupunguza watoto wa mtu hawezi. Damu ikachemka. Nikasema basi twende kwa ispekta wa kazi, leo leo! Delege akafunga kitabu taratibu, akaniuliza mkataba wangu unaisha lini.

Tukarudi kazini.

Mama mapasa hakungoja ispekta. Kuanzia hapo, kwetu Katuba anayeugua ni Mbuyi peke yake. Kabanga akipata malaria, anayeandikishwa ni Mbuyi. Mbuyi ana minyoo, Mbuyi ana upele, Mbuyi ameanguka kwenye mwembe huku yuko shuleni. Ukisoma faili yake pale kliniki utauliza amezikwa wapi.

Kilichotuponza ni jino. Kabanga aliumwa gego la chini, likang'olewa kwa jina la Mbuyi, vizuri kabisa. Haikupita wiki, Mbuyi mwenyewe akaumwa koo. Dokta ni yule yule. "Fungua kinywa." Akatazama. Akafungua faili, akasoma. Akatazama tena, sasa kwa tochi.

"Baba, hili jino si nililing'oa mimi?"

Mimi nikaanza kusoma bango la chanjo ukutani. Mama mapasa hata hakupepesa jicho: "Dokta, huyu mtoto anapenda majani ya sombe sana."

Dokta akatuangalia, akaandika dawa ya koo. Chini ya faili akaongeza mistari mirefu ya Kifaransa, kalamu inakwaruza karatasi.

Sasa juzi kuna karatasi nyingine ukutani kazini: ili tuhudumiwe vizuri zaidi, kadi zitasomwa kwa alama ya kidole. Wenye kadi wote wapeleke vidole. Mama mapasa akaniuliza kama mapasa wana alama moja. Nikamwambia hapana, kila mtu na yake. Akafikiri huku anasonga bukari.

"Basi kidole akaweke Kabanga. Mbuyi haugui hovyo."

Tumemuandikisha Kabanga Jumatatu. Tangu jana jioni Mbuyi anakohoa.