Shemeji na Matairi ya Theluji

Shemeji yangu haulizi maswali. Ukimwambia una shida, kabla hujamaliza kusema ameshavaa viatu. Nililalamika tu kwamba joto linakaribia kushuka chini ya nyuzi 7, mpira wa matairi ya kiangazi unaanza kukakamaa, na yangu yenyewe yanaelekea kuwa vipara. Nikamwona anatoka mlangoni.

Jioni akarudi na matairi manne ya theluji. Kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zimesimama wima, na ubavuni kuna ile alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Mzigo halali kabisa.

"Umeangalia saizi?"

"Saizi? Hebu lete la zamani."

Akayasimamisha mawili bega kwa bega, akalaza ubao juu yake. Ubao ukatulia, hata ungeweka kikombe cha maji kisingemwagika. "Yanalingana," akasema, akajikung'uta mikono.

Na kweli yalilingana, na hapo ndipo penye mtego. Langu lilikuwa 195/65R15, lake 205/55R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, R ni aina ya muundo wa tairi (radial), ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Langu lina ubavu mrefu na tundu dogo. Lake lina ubavu mfupi na tundu kubwa. Ukijumlisha, kimo kinatofautiana kwa milimita zisizofika 3. Nilimweleza yote hayo. Akanisikiliza kwa upole, kisha akanipa elimu yake: 205 ni mwendo wa juu, 55 ni upepo wa kujaza, 16 ni miezi ya dhamana.

"Na hiyo R?"

"Rasmi."

Nikasema twende gereji. Akasema gereji ni ya watu wasio na magoti, akapiga goti chini. Tairi likaingia kwenye ringi yangu kwa mikono mitupu, jambo ambalo tairi la saizi yake halikubali bila vyuma na jasho. Yeye akauona ulaini ule kuwa sifa. Akachomeka pampu ya umeme. Pampu ikanguruma, upepo ukaingia kwenye valvu na kutokea pande zote kwa mpigo, ukamrushia vumbi la miaka mingi machoni. Tairi likabaki linacheza kwenye ringi kama suruali ya kuazima. Akamwaga maji ya sabuni ili aone panapovuja. Povu likatoka mzunguko mzima, likampanda hadi viwiko. Mwanangu akapiga makofi.

"Ringi zako ni mbovu," akahukumu, akatoweka tena.

Akarudi na ringi za 16 zinazong'aa, na safari hii hata mimi nikaanza kuamini. Tukazipakia pamoja na matairi kwenye gari lake, tukaenda gereji. Fundi akavalisha, akapiga balansi, akabandika vile virisasi vyake vya kusawazisha uzito, wala hakuuliza kitu. Angeuliza nini, na gari langu hakuliona?

Nyumbani tukapiga jeki, nikafungua nati nne, nikachomoa gurudumu, zikabaki stadi, zile bolti za kulishikilia. Theluji ya kwanza ikaanza kudondoka, wakati mzuri sana. Shemeji akaliinua gurudumu jipya, akalizungusha. Akalizungusha tena. Akarudi nyuma hatua moja, akalitazama kwa jicho moja.

Stadi 4. Matundu 5.

"Tukibahatisha mbili zikaingia," akasema taratibu, "hizo nyingine Mungu atasimamia."

Haikuingia hata moja ya maana.

Mke wangu akatoka kutafuta glavu zake, akafungua mlango wa dereva, akainama. "Hiki kibandiko cha hapa nguzoni kimeandikwa 195/65R15, halafu na upepo wa mbele na nyuma," akasema. "Ndicho mnachotafuta?"

Kimekuwepo pale tangu gari litoke kiwandani. Shemeji akamgeukia kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na damu yake. "Sasa dada, siku zote hizi umenyamaza?"

Nilinunua mengine, nikiwa na picha ya kile kibandiko kwenye simu. Yale ya shemeji yakakaa ukutani mpaka jirani alipopita, akayaona, akauliza kama yanauzwa. Ringi 16, nati 5, kila kitu sawasawa. Gurudumu la kwanza likaingia kwenye gari lake bila hata kusukumwa, nati zikakaa zenyewe. Shemeji akakabidhi wili spana, akanigeukia taratibu mbele ya jirani, mbele ya mke wangu, mbele ya mtoto.

"Nilikwambia matairi ni mazima. Hilo gari lako ndilo lina saizi mbaya."