Eti Chakula Chepesi cha Kambi

Jamani, naomba mtu anieleze: kwa nini mtu anayekwenda kupumzika usiku mmoja ufukweni achoke kwanza wiki nzima?

Hivi sasa ni saa nne usiku, nimekaa uani, uso masizi matupu, nabangua korosho. Kesho tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, tunakwenda kupiga kambi ufukwe wa Msimbati, huku huku Mtwara. Wazo si langu. Ni la shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, mtu wa ofisini, ambaye katika ukoo mzima ndiye peke yake mwenye hema. Alikuja hapa, akala, akashiba, akanyoosha miguu, ndipo akatoa hotuba: "Shemeji, tunaandaa vyakula vyepesi nyumbani, tunapakia, tukifika ni kula tu. Hakuna kupika."

Hakuna kupika! Jiko la nyumba hii halijawaka namna hii tangu siku ya harusi yangu.

Tuanze na hizi korosho. Mama watoto aliandika orodha, na juu kabisa akaweka korosho, maana ni kitafunio kisichooza na hakina usumbufu. Nikasema vizuri, nitapita dukani nichukue pakiti. Akanitazama kama niliyetukana wazee. "Mtu wa Mtwara anunue korosho za pakiti?" Basi limeletwa debe la korosho ghafi kutoka shamba la mkwe, na mimi nikakabidhiwa.

Wewe uliyezoea kuiona korosho nyeupe kwenye kisahani cha harusi, ngoja nikueleze inakotoka. Unaimwaga kwenye bati lililotobolewa matundu, moto chini. Ganda lake lina mafuta, na mafuta yale hayana adabu kabisa. Yakikurukia, ngozi inababuka. Yakishapata joto yanachuruzika motoni, bati zima linashika ndimi za moto, na unapanda moshi mweusi mzito mpaka jirani anafunga madirisha huku akikohoa kwa makusudi ili nisikie. Hapo unatakiwa uzimwage chini upesi, uzifukie kwa mchanga ili mafuta yanyonywe, usubiri zipoe. Kisha ukae na kijiti ugonge moja moja. Ukigonga kwa nguvu umepata unga. Ukigonga kwa upole ganda linakutazama tu. Na ukiipata nzima bado imevaa kikoti chekundu, nacho umenye.

Sasa kila ninayoitoa nzima, kuna kamkono kanapita chini ya kwapa langu kanaondoka nayo. Serikali inahangaika na kangomba, wale wanunuzi wa korosho za magendo, huko vijijini, kumbe kangomba wenyewe nawalisha humu ndani na ada nawalipia. Mzigo haufiki ghalani. Nimegonga tangu magharibi na bakuli halijafunikwa hata kitako.

Ukitoka kwenye korosho unakutana na suala la vyombo. Zamani ungetia kila kitu kwenye rambo, ukafunga fundo, safari. Tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo marufuku, na sipingi, baharini zilikuwa zimezidi. Ila hakuna aliyetuambia kwamba baada ya rambo tutatawaliwa na vikopo vyenye mifuniko. Nyumba hii ina vikopo kama thelathini na mifuniko kumi na mmoja, na kati ya hiyo mifuniko hakuna unaoingia kwenye kikopo chochote. Ikabidi kuazima mtaani. Vimekuja hotpoti na mabakuli yamepigwa alama kwa rangi ya kucha chini ya kitako: nyekundu ya mama wa nyumba ya kona, zambarau ya fundi cherehani. Nimeonywa. Hotpoti ya zambarau isiporudi, nami nisirudi.

Halafu tuna mtaalamu. Binti yangu anasoma chuo, mambo ya lishe, amekuja likizo na kalamu. Hapiki, anakagua. Chapati zilipotoka motoni mama yake akazipanga kwenye hotpoti, zikafunikwa. Binti akafunua. "Zikifungwa za moto zinatoa jasho, kesho zitakuwa zinateleza." Zikatandazwa kwenye ungo zipoe, nzi wakaalikwa, mtoto mmoja akakabidhiwa kipande cha boksi apepee. Mayai yachemshwe lakini yasimenywe mpaka kambini, ganda ndilo kinga yake. Hilo nalikubali, kazi yoyote inayosema usimenye iko upande wangu.

Ugomvi ulikuwa kwenye wali wa nazi. Mama mkwe anakuja nasi, na kwa mama mkwe safari isiyo na wali wa nazi ni msafara wa msiba. Binti akasema chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa 1 tu. Bibi akauliza kwa upole, ule upole wa kutisha: "Mjukuu wangu, hizo nyuzi 32 zinapimwa wapi?" Binti akasema, "Hata hapa ulipokaa, Bibi." Kimya. Mimi niliziinamia korosho zangu. Mambo ya mkwe, mwanamume mwenye akili hutazama chini.

Lakini mtoto yuko sahihi, tui likilala linachacha, na Mtwara hii ya Desemba halisubiri hata kulala. Bibi hakubishana tena. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na kapu la ming'oko, vile viazi vya porini. Imechemshwa na chumvi, imepoa, myembamba kama vidole, kimfuko cha pilipili ya kusaga pembeni. Akaliweka katikati ya jiko bila neno. Nikaonja mmoja, nikamenya wa pili, na hapo nikaanza kujiuliza hili bati la korosho nilikuwa naliwashia nini.

Sasa umeme. Shemeji alishauri tufunge sambusa mbichi tuzigandishe, tukazikaange kule. Na chupa za maji nazo zigandishwe, zipangwe kwenye deli zipooze kuku, zikiyeyuka tuzinywe. Wazo zuri, siwezi kumnyima haki yake. Ukoo mzima ukakaa mkekani kufunga sambusa. Manda hizo, nyama hiyo, uji wa ngano wa kugundishia huo. Kitindamimba wangu akawa anatupita wote kwa kasi, pembetatu zimekaa sawasawa, tukamsifu mpaka akaanza kujibu kwa kutikisa kichwa tu. Baadaye mama yake akainyanyua moja, akaiona nyepesi. Akaifungua. Ndani hamna kitu. Zote alizofunga zina hewa safi ya Mtwara.

Zikaingia kwenye friza, umeme ukakatika. Mimi huwa nashindwa kuelewa. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, hapo hapo Msimbati tunakokwenda, tangu 1982. Tangu 2015 inaingia bombani pale Madimba inasafiri mpaka Dar es Salaam. Mimi ninayelala karibu na kisima nimewasha kibatari natafuta friza iko upande gani. Binti akatangaza kwamba friza ikijaa na mlango usipofunguliwa, vitu vinakaa vimeganda mpaka saa 48. Kwa hiyo kila baada ya dakika tano kuna mtoto anafungua kuangalia kama bado havijayeyuka.

Na gesi hiyo hiyo, kesho tutapiga kambi juu yake na nusu gunia la mkaa, maana kule ni hifadhi ya bahari tangu 2000, huwezi kuingia ukakata mikoko ukakaangia sambusa. Nusu gunia la mkaa, jiko, kikaango, mafuta lita tatu. Nikauliza: si tulisema hakuna kupika? Nikaambiwa kukaanga siyo kupika.

Alipita mjomba wangu jioni. Ni mvuvi wa Mikindani, mtu wa dago, yaani kambi za wavuvi, amelala kwenye visiwa na fukwe kabla shemeji hajazaliwa. Akautazama ule mzigo barazani: deli, mahotpoti, ndoo ya maandazi, kapu, magodoro, feni. Feni! Sijui nani kaileta. Akasema, "Mjomba, sisi tukienda dago tunabeba unga, chumvi, ndimu na sufuria moja. Kitoweo kiko majini, unakikuta." Ningemheshimu sana kwa maneno hayo kama hangekuwa anayasema huku anatafuna andazi langu la tatu na mkono mwingine uko kwenye ndoo.

Kuna Mwingereza mmoja aliishi huko Msimbati wakati wa ukoloni, Latham Leslie-Moore, mwaka 1959 akajitangazia uhuru wake na kanchi kake. Nilikuwa namwona amepigwa jua. Usiku wa leo namwelewa. Inawezekana alikabidhiwa debe.

Simu imelia sasa hivi, shemeji. "Shemeji, samahani sana, ofisini kumetokea dharura, kesho sitaweza. Lakini nyie nendeni, msiharibu ratiba." Nikamuuliza hema. Akasema anamtuma bodaboda nalo. Nikamuuliza nani anajua kulisimamisha. Akasema ndani ya mfuko kuna karatasi ya maelekezo. Kisha akakohoa kidogo. "Na huyo bodaboda, shemeji, akirudi mpe sambusa zangu. Hata kumi zinatosha, nitakaanga mwenyewe."

Bodaboda kafika. Karatasi nimeiona, imeandikwa Kichina kuanzia juu mpaka chini. Nikanyamaza. Nikaenda kwenye friza, nikachagua taratibu kwa kibatari, nikazifunga kumi kwenye gazeti vizuri kabisa, pembe zimekaa sawasawa, kazi ya kitindamimba.